Gunia Lililoandikwa Mbovu

Juma lililopita Sahara alirudi kutoka Nairobi na pakiti ya nafaka isiyozidi ngumi yangu. Akaiweka mezani kwa adabu, kama mtu aliyeleta posa.

"Ayeyo," akaniambia, maana hivyo ndivyo Wasomali tunavyomwita bibi, "hii inaitwa kinwa. Ni chakula kipya. Wenye sukari wanakula, wenye presha wanakula."

"Na wenye njaa?"

Akaimimina kwenye sufuria hivyo hivyo, kavu na vumbi lake.

"Ioshe kwanza," nikamwambia.

"Imeshaoshwa kiwandani, Ayeyo."

"Ioshe tena. Ioshe mpaka maji yaache kucheka."

Akatia maji ili anyamaze tu mzee, akasugua, na povu likapanda mpaka kifundo cha mkono. Hapo ndipo aliponigeukia. Nikamwambia kwamba ayeyo wake mwenyewe, yaani Arbia, alikula nafaka hiyo hapa hapa Garissa kabla mama yake Sahara hajazaliwa, na kwamba jina lake si kinwa, ni Mbovu. Akanitazama vile wanavyonitazama nikisimulia habari ya fisi aliyekuja kuniomba chumvi. Habari ya fisi nimeiongeza kidogo, nakubali. Hii ya Raho sitaongeza kitu, ila pale itakapobidi.

Raho alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu Korane. Siku niliyoletwa kwao nikiwa bibi arusi, alinifungua mdomo akanikagua kama ngamia wa mnadani, akawaambia wenzake, "Meno anayo. Kazi tutamfundisha." Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa ndefu kumliko. Akimwita mbuzi hapa, mbuzi wa Wajir walikuwa wanageuza shingo. Mtoni Tana, mamba walimwacha ateke maji kwanza, si kwa kumwogopa, bali kwa sababu wakimchelewesha alikuwa anawahutubia. Lakini ukiugua, ndiye aliyekaa kichwani pako. Nilipoharibikiwa mimba ya kwanza alinilaza mapajani mwake siku mbili, akawafukuza wote waliokuja kunipa pole, akisema pole zao zina kelele.

Kiswahili alikijua kabla yetu sote. Alijifunza kwa kuwauzia polisi maziwa, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha maziwa: namba, neno kesho, na matusi matatu. Tena ujue midomo yetu sisi Wasomali. P ikija inatoka b, na v inatoka f. Polisi kwetu ni bolisi, viazi ni fiasi. Raho hakujua kwamba kuna namna nyingine ya kusema. Lishike hilo, kwa sababu mambo yote yalianzia midomoni mwake.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, bendera mpya ikiwa na miaka mitatu au minne. Serikali ilisema watu waingie vijijini, vijiji vizungushiwe ua wa miiba, na atakayekutwa nje bila ruhusa ahesabiwe kuwa shifta, yaani mwasi. Mifugo ikachukuliwa. Mingine iliuawa mbele yetu, na hiyo siisimulii. Dagane, mume wa Raho, alikuwa mbali upande wa Wajir na ngamia wake wakati ua ulipofungwa, na habari zake zikakatika. Ndani ya ua tulibaki Raho, mimi na mume wangu, na mtoto mmoja wa Raho, Arbia, aliyekuwa anaingia mwaka wa tatu.

Sasa, Arbia alikuwa mtoto wa ngamia. Tangu alipoacha kunyonya hakujua chakula ila maziwa ya Adey, ngamia jike mweupe wa nyumbani kwao, na kidole cha samli juu yake. Adey alichukuliwa siku ya kwanza pamoja na ndama wake, na Arbia aliwaona wakienda. Ndama aliondoka mkia juu, akirukaruka, maana ndama hajui anakopelekwa.

Tulichogawiwa sisi ni unga wa mahindi ya njano. Watu wazima tulikula huku tukinuna, tukasema hiki ni chakula cha ndege, kisha tukalamba sufuria. Arbia alikataa. Alifumba mdomo, akaufunika kwa viganja viwili, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayefunga duka.

"Nataka ya Adey," alisema.

Raho alijaribu kila alichojua. Alimtisha, akamwimbia, akamtafunia. Siku moja aliutengeneza uji mwembamba, akautia ndani ya kibuyu cha maziwa kilichokuwa bado na harufu ya moshi wa zamani. Arbia alinusa akacheka. Akaonja. Akakirudisha kibuyu kwa mama yake polepole, akalia bila sauti, kama mtu mzima aliyedanganywa na jamaa yake. Raho hakurudia tena ujanja ule.

Mtoto alikuwa na uzi wa shanga mkononi, juu ya kiwiko. Kila Ijumaa Raho alifungua fundo na kulisogeza, kwa sababu uzi ulikuwa unateleza. Ijumaa ya kwanza alisogeza shanga moja. Iliyofuata mbili. Sisi wengine tulijifanya hatuoni, na Raho alijifanya anarekebisha pambo.

Wanawake wa kijiji tulipewa zamu ya kufagia ghala la serikali. Mwangalizi wa ghala alikuwa karani mmoja anayeitwa Mwadime, kijana wa milimani Taita, mwembamba kama kijiti cha meno. Joto la Garissa lilikuwa linampika taratibu. Ndani ya ghala, kwenye pembe, kulikuwa na gunia dogo lililoachwa na Mzungu wa mbegu, aliyetaka kujaribu nafaka ya ng'ambo kandokando ya mto. Barabara ilipokuwa ya risasi, Mzungu akaenda Nairobi kusubiri amani, na gunia likabaki.

Zamu ya Raho ikaangukia siku iliyofuata mvua. Paa lilikuwa limevuja juu ya lile gunia. Raho alipolisogeza afagie, akaona chini yake pametoka mapovu meupe, yanapumua. Akaita kwa ile sauti yake.

"Karani, njoo. Gunia hii iko na bofu."

Mwadime alikuja akijipepea na kofia. "Gunia bovu?"

"Bofu. Bofu sana. Ona chini."

Karani hakuinama. Aliona gunia limelowa, akasikia harufu ya unyevu, na mama anayefagia kashahukumu. Akatoa chaki mfukoni, akaandika neno moja kubwa ubavuni, akasema, "Toa nje, mama. Katupe mbali."

Raho alitoka nalo kichwani. Langoni askari akamsimamisha, akalisoma. "Mbovu," akasema, akampisha.

Alipofika kwangu, hatua chache kutoka langoni, alikuwa amefurahi mpaka shingo imeongezeka urefu. "Umeona, abayo," akaniambia, yaani dada. "Leo Serikali imenisikiliza. Nimesema bofu, wameandika bofu."

"Askari amesema mbovu, nimemsikia."

"Hiyo m ya mbele ni ya kiserikali. Wao hawaandiki kitu kikiwa uchi."

Basi sisi tukaelewa hivyo. Gunia limeandikwa kwamba lina povu, karani kachoka nalo, kasema litolewe. Hakuna aliyetuambia limeoza, na kwa kweli lilikuwa halijaoza. Tulianika nafaka juani na jioni ilikuwa kavu, mbegu ndogo nyeupe kama mayai ya sisimizi.

Raho akapika kikombe kimoja siku ile ile, bila kuosha, kama alivyofanya Sahara. Alionja yeye kwanza. Uso wake ulikunjika mpaka nikadhani utaingia ndani. Nikaonja na mimi. Jirani yetu mmoja, Kerrow, mzee aliyejisifu kwamba amekula kila kitu isipokuwa kiatu, akaonja pia, na tangu siku hiyo akaongeza kitu cha pili. Ulikuwa uchungu wa shubiri, uchungu wa kufukuza majini. Arbia hata hakupewa. Raho alikaa chini, sufuria ikiwa kati ya miguu yake, akanyamaza. Raho alikuwa hanyamazi, kwa hiyo niliogopa.

"Shetani wangu hajawahi kuchagua ubaya hivi," akasema mwishowe. "Anasubiri nipate, halafu anatia uchungu."

Mimi ndiye niliyesema, na nilisema kwa upumbavu wangu, kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniwasha. "Kama hailiki, tuoshee nywele basi. Si ina povu?"

Inabidi nieleze. Sisi wanawake wa huku tunaoga na kasil, yaani majani makavu ya mkunazi yaliyosagwa. Ukiyatia maji yanatoa povu, yanatakatisha nywele na uso kuliko sabuni ya duka. Ndani ya ua ule tulikuwa hatuna kasil, maana mikunazi ilikuwa upande wa pili wa miiba. Tulikuwa tumekaa miezi na vichwa vinavyonuka kama ngozi mbichi, na ninamsema kila mtu, hata wake wa watu wakubwa.

Raho alinitazama, akatazama nafaka. Akatia vikombe vitatu kwenye ungo juu ya karai, akaumwagia maji, akasugua. Bofu lilikuja, babu yake bofu. Tuliosha kichwa changu kwa maji ya kwanza, chake kwa maji ya pili. Habari zikatoka. Wanawake wakaja na makopo yao wakitaka maji ya tatu, ya nne, ya tano. Walikuwa wengi mpaka askari wa lango akaja kuuliza kama ni maandamano. Nywele ziling'aa siku ile hata kunguru wakatuonea wivu. Za Kaltun, mke wa imamu, zilirefuka palepale shibiri moja. Hiyo ni ile sehemu niliyosema itabidi.

Maji ya saba hayakuwa na povu. Yalitoka meupe, kisha safi, ndipo wanawake wakatawanyika. Kwenye ungo ilibaki nafaka ile ile, imeoshwa na kijiji kizima. Mimi ningeimwaga. Raho alikuwa hamwagi kitu. Alichukua punje mbili akazitafuna, akasimama kidogo. Akachukua nyingine tatu.

"Abayo," akaniambia kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya Raho sijawahi kuisikia tena, "uchungu umeenda na nywele."

Akawasha moto. Hivi ndivyo alivyopika, na ndivyo ninavyotaka Sahara apike. Unaikausha kwanza kwenye chungu kitupu mpaka inukie kama njugu. Kikombe kimoja cha nafaka, viwili vya maji, chumvi ya kidole. Ikichemka unapunguza kuni, unafunika, humkaribishi mtu kufunua. Raho hakuwa na saa. Alitumia dua ndefu moja na fupi mbili. Kisha akakwangua kibuyu cha samli, kile cha mwisho kabisa, akapata kiasi cha ukucha.

Alipofunua tuliinama sote. Kila punje ilikuwa imefunguka, na ubavuni mwake kumechomoza kijiuzi cheupe kilichojikunja. Kijimkia. Maelfu ya vijimkia ndani ya chungu.

Arbia alikuwa kwenye mkeka, amelala ubavu, viganja viko mdomoni tayari. Raho alichota kidogo kwenye sahani, hakumpelekea. Alikaa karibu naye akaanza kuzungumza na sahani.

"Kumbe mko hapa," akasema. "Na sisi tunawatafuta. Poleni na safari."

Arbia akafungua jicho moja.

"Mama yenu Adey yuko wapi? Amewatuma? Basi msipige kelele, askari atasikia."

"Nani?" Arbia akauliza nyuma ya viganja.

"Ndama. Ona mikia."

Mtoto aliinuka kwa kiwiko. Alitazama kwa muda mrefu. Akaweka kidole juu ya punje moja, akaugusa mkia wake.

"Ni wadogo."

"Wamejifanya wadogo wapite kwenye miiba. Lakini hapa hawana zizi, Arbia. Karani akija ataona, atawachukua tena. Sijui tuwafiche wapi."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kutoka nje nikalie, nikabaki hapo hapo sifanyi lolote. Arbia alitazama pembe zote za kibanda, chini ya kitanda, nyuma ya kibuyu. Kisha akajitazama tumbo. Akafungua mdomo.

Aliingiza ndama mmoja. Akasikiliza. Akaingiza wawili. Raho hakumsaidia wala hakumsifu, alikuwa anashika lango, akisema tu, "Upesi, upesi, na huyu amechelewa." Sahani ilipokwisha, Arbia alifunika tumbo kwa viganja viwili, kimoja juu ya kingine, akalala. Raho ndipo akasimama, akaenda nyuma ya kibanda, na mimi sikumfuata.

Ijumaa ya wiki ile fundo la shanga halikusogea. Iliyofuata lilirudi shanga moja.

Tulikuwa tumefika katikati ya gunia Mwadime alipotokea mlangoni, ametota jasho. Kumbe barua imekuja kutoka Nairobi, Mzungu anauliza mbegu zake. Karani alikuwa ametafuta jalala lote bila kuona gunia. Akaliona kwetu, limeegemea ukuta, na chaki yake ubavuni. Mbele ya gunia, Arbia na sahani yake.

"Mama Arbia," akasema, "unamlisha mtoto mbovu?"

"Bofu natoa kwanza, Karani," Raho akamjibu kwa upole. "Maji saba."

"Kitu kibovu hakitoki kwa maji."

"Natoka. Bofu tunaosha nywele."

Mwadime akamgeukia mtu mwingine wa kumwelewesha, akanikuta mimi. "Mnaosha nywele kwa uozo?"

"Ona," Raho akasema, akavuta ncha ya mtandio nusu shibiri tu, kwa heshima, nywele za pembeni zikang'aa. "Bofu nzuri kushinda sabuni ya bolisi."

Karani alikaa juu ya kinu. Aliuliza kitu kile kile mara tatu, akajibiwa vile vile mara tatu, na kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake huruma kwa ujinga. Mwisho Raho akachoka na maneno. Alitwaa konzi ya nafaka mbichi, akaitia maji, akasugua mbele ya pua yake. Povu likainuka mkononi. Akalipuliza, likaenda likatua kwenye kofia ya serikali.

"Hii," akasema. "Hii naitwa nini kwa Kiswahili?"

Mwadime alilitazama lile povu. "Povu," akasema.

"Basi. Si nimesema siku ile? Bofu."

Ilimchukua muda. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akashika kinu asianguke, akacheka mpaka machozi yakachanganyika na jasho. Sisi hatukujua anachekea nini, tukacheka naye kwa adabu. Alipoweza kusema alitueleza. Raho alinuna. Alisema kama mtu anataka kuandika kuoza aandike kuoza, asimwibie neno lake.

Lakini barua ilikuwa bado mfukoni mwa karani, na gunia lilikuwa mali ya mwenyewe. Raho aliacha kununa akaliona hilo kabla yangu. Alisimama kati ya karani na gunia, hakupaza sauti.

"Karani, wewe una mama?"

"Ninaye."

"Huyu akikosa hii, anakufa. Sikutishi. Nakwambia tu."

Mwadime alimwangalia Arbia. Arbia naye alikuwa anamwangalia yeye, mdomo umejaa, na polepole akafunika tumbo kwa viganja.

"Mbona anajifunika?" karani akauliza.

"Anaogopa utachukua ngamia wake."

Akataka kucheka tena, ikashindikana. Akatoa chaki, na mimi nikafikiri sasa anafuta. Hakufuta. Alipita juu ya yale maandishi yaliyoanza kufifia, akayakoleza herufi moja moja.

"Mzungu nitamjibu mbegu zilinyeshewa, tukazitupa," akasema. "Na gunia lililoandikwa mbovu halina mwenyewe." Akavaa kofia yake, povu likiwa bado juu. Mlangoni akageuka. "Mama Arbia, sema povu."

"Bofu."

"Sawasawa," akasema, akaenda zake.

Gunia lile lilitufikisha siku ua ulipofunguliwa. Kama ningekuwa mwongo, ningesema Dagane alirudi na Adey na ndama wake. Alirudi na ngamia jike mmoja wa kahawia, mwenye jicho moja, na yeye mwenyewe amekonda hata kivuli chake kilikuwa kinamtangulia kwa wasiwasi. Raho alimtazama juu mpaka chini akasema, "Umechelewa, chakula kimepoa," na kilikuwa hakijapikwa. Alimkamua yule ngamia, akampelekea Arbia maziwa yenye povu lake.

Arbia alinusa. Akasukuma kibuyu.

"Nataka Mbovu," akasema.

Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Raho akimfukuza mtoto wake na mwiko, akizunguka kibanda, huku analia na kucheka, na Dagane yuko katikati anauliza mbovu ni nani.

Raho alitutoka miaka mingi baadaye, mwaka wa mafuriko makubwa, akiwa amewapikia wali wachuuzi wote wa soko la mifugo na kuwatukana wote sawa. Neno povu hakuwahi kulisema.

Basi siku ile Sahara alipokwisha kupika, tulimpelekea ayeyo wake Arbia kitandani kwake, maana magoti yamemchoka na daktari amemkataza nusu ya vyakula vya dunia. Siku hizi uzi wa shanga ungehitaji kuwa kamba. Hatukumwambia ni kitu gani. Aliiweka sahani kwenye mapaja, akavaa miwani, akainama. Kidole chake kikagusa punje moja ubavuni.

Kisha akala yote, upesi upesi, akitazama mlango.

"Ayeyo Arbia, ni tamu?" Sahara akamuuliza.

"Mbovu kabisa," akasema, akamrudishia sahani aongezwe.